Pangaboi la Chumba cha Abbaji

Bhera, 3 Aprili 1987

Mdogo wangu Inayat,

Salamu zangu zikufikie wewe, mkeo Kausar na huyo mtoto wenu ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Sisi huku wazima. Mforosadi wa uani umezaa mpaka sakafu imegeuka zambarau, na kila anayeingia ananichafulia ngazi. Jirani yetu Bibi Hajra amemwoza mjukuu wake. Pilau ilikuwa na zabibu nyingi kuliko nyama, na kila aliyeniona aliniuliza habari zako, nikajibu kama ulivyonizoesha kujibu: kazi zimembana.

Ammaji hajambo, ila amehamia chumba cha Abbaji, Mungu amrehemu baba yetu. Alihama wakati wa baridi, akabeba godoro na matandiko yake yote mwenyewe, hakutaka nimsaidie hata kushika mto. Nilidhani amefuata joto, maana kuta zile ni nene. Sasa jua limeanza kuwaka na hataki kutoka. Nilimwambia mwaka huu tutalala juu ya paa kama miaka yote, akanitazama kana kwamba nimemwambia tukalale sokoni.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Pangaboi la zamani la chumba kile limekufa. Lilianza kulia, likaja likanuka waya ulioungua, mwisho likasimama. Fundi Rehmat amelishusha akasema nimpe mtu akatengenezee ndoo. Chumba kina dirisha moja tu, na hiyo miezi mitatu inayokuja unaijua. Mama yako ana miaka sabini na miwili. Wewe ndiye mtu wa mapangaboi, koili zake unazisuka kwa mikono yako, na mtaa mzima unaringa kwamba una mtu wake kiwandani Gujrat. Nichagulie litakalofaa chumba hicho. Ukiweza kulileta mwenyewe nitafurahi zaidi.

Dada yako,
Sughra


Gujrat, 12 Aprili 1987

Apa, dada yangu mpendwa,

Wa alaikum salaam. Barua yako imenikuta mzima, na Kausar anakubusu mikono. Mtoto ameota meno mawili na anatung'ata sote bila ubaguzi. Mpe pole Bibi Hajra kwa gharama za arusi, na hongera kwa zabibu.

Kuhusu pangaboi, umefanya vizuri kuniuliza kabla ya kwenda dukani. Kuchagua pangaboi si kama kuchagua tikiti, unaligonga na kulisikiliza basi. Watu wanakuja hapa wanataka kubwa tu, wanadhani ukubwa ndio upepo. Kubwa kwenye chumba kidogo linausukuma upepo ukutani na kuurudisha usoni mwako ukiwa moto. Dogo kwenye chumba kikubwa linampepea mmoja, mwingine analowa jasho. Halafu kuna urefu wa dari, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Nyumba zetu za zamani dari liko mbali sana. Ukilibandika pangaboi kule juu linawapepea popo. Ndiyo maana tunalining'iniza kwa bomba refu, mapanga yakae kama futi tisa kutoka sakafuni, upepo umfikie aliyelala.

Kwa hiyo nipimie chumba: urefu, upana, na kutoka sakafuni mpaka kwenye ile boriti yenye kulabu. Pima kweli, Apa, usinikadirie kwa macho kama unavyokadiria chumvi.

Kuja mwenyewe sitaweza. Huu ndio msimu wetu, kiwandani tunakula tumesimama. Mwambie Ammaji nimemchagulia upepo mzuri kuliko wa mtoto wa mtu yeyote.

Mdogo wako,
Inayat


Bhera, 22 Aprili 1987

Inayat mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote. Ramadhani inakaribia na nimeshanunua dengu na tende. Binti yangu Munazza amefaulu mtihani wake, wa nne katika darasa, na anasema yule wa tatu aliiba majibu.

Nimepima. Rula ya Munazza ni ya futi moja na utepe wa fundi cherehani umekatika, kwa hiyo nilitafuta kitu kirefu. Chini ya godoro la Ammaji nikakuta tete moja, limenyooka vizuri kabisa, nikadhani ni la kuning'inizia chandarua. Nililipima kwa rula nikapata futi tano na inchi nane. Chumba kina urefu wa matete matatu na upana wa mawili na ushei. Kwenda juu nilipanda ngazi ya Bibi Hajra, nikapata matete mawili na nusu kamili. Wewe ndiye msomi wa hesabu hizo, piga mwenyewe.

Nikiwa bado juu ya ngazi Ammaji aliingia.

"Unapima nini?" akauliza.

"Napimia pangaboi, Ammaji. Inayat analichagua."

"Anakuja?"

"Pangaboi ndilo linalokuja."

Alilichukua lile tete mkononi mwangu, akalifuta kwa ncha ya ushungi wake, akalirudisha chini ya godoro. Nakueleza alivyofanya, mengine utajijazia.

Dada yako,
Sughra


Gujrat, 29 Aprili 1987

Apa mpendwa,

Ramadhani njema kwenu. Kwetu mwezi unategemewa leo au kesho, na Kausar ameshaanza kunigombeza kwa kula kachumbari, eti nitashinda na kiu.

Futi kumi na nne na ushei! Nilijua. Nikiwa mdogo nililala chali mle ndani nikadhani ile kulabu iko mbinguni. Nimechagua la inchi hamsini na sita, mapanga matatu, koili nimeisuka mwenyewe kwa shaba nzito, na bomba la futi nne. Limepakwa rangi ya maziwa kwa sababu Ammaji hapendi kahawia. Dereva wa basi la Sargodha anamfahamu Fundi Rehmat, atalishusha stendi. Rehmat alifunge kwa boliti zote, asiseme "moja inatosha" kama kawaida yake.

Mwambie Ammaji alale usingizi mnono.

Inayat


Bhera, 14 Mei 1987

Inayat,

Saumu kwenye joto hili si mchezo, lakini tunazimaliza. Ammaji anafunga zote, hasikii la mtu. Pangaboi limefika salama, zuri sana, majirani walikuja kulitazama kama bibi arusi.

Halikufaa.

Fundi Rehmat alilifunga, boliti zote nne nilizihesabu mimi. Aliposhuka kwenye ngazi na kusimama wima, panga lilikuwa linamgusa kilemba. Akasema, "Bibi, ndugu yako amekutumia pangaboi au mashine ya kukatia majani ya ng'ombe?" Nikamwambia bomba ndilo refu, sisi tulipima. Akasema basi mlimpima twiga. Alilishusha, akaondoka na kilemba chake.

Nimepima tena mwenyewe kwa tete lilelile, kuanzia sakafuni. Matete mawili. Siyo mawili na nusu. Nilirudia mpaka mkono ukauma. Mara ya kwanza sikukosea, Inayat, na sasa sijakosea. Ngazi ya Bibi Hajra, niliyopanda mpaka kipago cha juu mwezi uliopita, safari hii niliishia katikati nikawa nimefika.

Ammaji alikuwa ameketi kitandani anavuta tasbihi. Nilimwuliza kama anaona kitu kimebadilika chumbani. Akasema, "Punguza sauti." Tulikuwa wawili tu.

Sughra


Gujrat, 21 Mei 1987

Apa yangu,

Nimecheka mpaka wenzangu kiwandani wakaja kuuliza. Mwambie Rehmat kilemba chake ndicho kirefu.

Sikiliza. Nyumba haipungui. Njaa ya Ramadhani inamfanya mtu ahesabu vibaya, hata hapa juzi mzee mmoja amesuka koili upande usio wake. Nakutumia bomba la futi moja, badilisha hilo tu, pangaboi libaki lilelile. Lakini tafadhali pima tena kabla hajalifunga, asubuhi mara moja na alasiri mara moja, uniandikie. Mtu wa kazi yangu hawezi kuchagua kwa kubahatisha. Kipimo ndicho kila kitu.

Idi sitafika. Tuna oda ya shule nzima. Nimemtumia Munazza bangili na Ammaji kitambaa cha pamba nyepesi.

Inayat


Bhera, 8 Juni 1987

Inayat,

Idi imepita. Nilipika tambi za maziwa sufuria kubwa kwa sababu Ammaji alisema niweke na fungu lako, na fungu lako lilikaa mpaka likaganda, nikampa mbuzi. Munazza anavaa bangili hata akilala.

Nilipima asubuhi, nikapima alasiri kama ulivyoagiza. Asubuhi: tete moja na robo tatu. Alasiri: tete moja na nusu. Nimekuandikia ulivyotaka, ufurahi.

Hilo bomba fupi nalo ni refu. Fundi Rehmat alifika mlangoni, akachungulia, akarudi nyuma. Sikuona mzaha usoni mwake. Akaniambia, "Dada, kizingiti cha juu cha mlango huu kilikuwa chini ya dari au juu yake?" Nikamwambia hebu acha upuuzi. Akasema ana kazi Miani, hajarudi tena na nikimpita barabarani anajifanya anafunga kiatu.

Shomoro waliojenga kwenye boriti wamehama na makinda hawajaota manyoya. Joto nje linakausha mate, lakini mle ndani ni baridi, baridi ya chini ya mtungi. Ammaji analala vizuri. Anatabasamu akilala. Nikimwambia atoke anasema, "Namsubiri mtu." Nikimuuliza nani, anageukia ukutani. Dirisha lilikuwa linanifika kifuani, leo nimeinama ili nione uani.

Usinitumie bomba jingine. Njoo na utepe wako wa chuma upime mwenyewe. Ni saa nne tu kwa basi.

Dada yako


Bhera, 27 Juni 1987

Inayat,

Hujajibu. Kama unangoja vipimo ndipo uandike, haya: leo nimepima tena. Tete moja na shubiri mbili.

Munazza nimempeleka kwa Bibi Hajra.

Sughra


Gujrat, 9 Julai 1987

Apa,

Nisamehe kwa kimya. Barua zako nilizipata zote. Mtoto alikuwa na homa, sasa amepona. Kausar anakusalimu.

Hilo tete. Nilikaa na barua zako nikizisoma upya nikitafuta kosa la hesabu, na kila mara nilikwama pale mwanzoni. Futi tano na inchi nane. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia Abbaji kuchonga milango, na kila mteja alipotaka kujua mlango uwe mrefu kiasi gani, Abbaji alisimama akajiegemeza ukutani, akaniambia, "Weka alama kichwani pangu, ongeza mkono mmoja. Mimi ni futi tano na inchi nane, sibadiliki." Unakumbuka? Mtaa mzima milango yake imepimwa hivyo.

Limetoka wapi hilo tete? Nani alilileta nyumbani?

Usipime tena, Apa. Kitu chochote. Tafadhali.

Inayat


Bhera, 14 Julai 1987

Inayat,

Sitauliza habari za huko leo.

Nilimwuliza Ammaji waziwazi na akanijibu waziwazi, wala hakuona haya. Ni lile tete. Mchimba kaburi alipokuja kumpima Abbaji alilikata sawa na mwili wake, kutoka utosini mpaka kisiginoni, akachimba mwanandani kwa kipimo hicho. Unajua desturi yetu kama ninavyoijua: tete linaachwa humohumo na maiti, halirudi nyumbani, na haliruhusiwi kupima kitu cha walio hai. Sisi wanawake hatukwenda makaburini, kwa hiyo sikujua kwamba halikubaki. Ammaji alimfuata mtu yule mlangoni akamwomba akimaliza kuchimba amrudishie. Alimwambia ana haja nalo. Yule akaona ni mjane, akampa.

Mimi ndiye niliyelishika nikapimia chumba mara tano. Nimekipima chumba cha mama yangu kwa kipimo cha kaburi, na chumba kimetii. Lakini kila mara nilipima kwa sababu wewe uliandika pima. Ulitaka futi, ulitaka inchi, asubuhi na alasiri. Vyote ulitaka isipokuwa kuja. Nimekasirika na sitakuficha.

Nilitaka kulichukua nilipeleke kaburini. Amelikumbatia. Anasema hatalitoa mkononi ila kwa wewe. Nikamwambia, "Ammaji, Inayat ana kazi." Akasema, "Nitasubiri amalize."

Anakula kwa kulala, kwa sababu akiketi ushungi wake unagusa boriti.

Siku ya mazishi ulifika wakati watu wanakunja mikeka. Simu ya maandishi ndiyo iliyochelewa, wewe huna kosa, na hakuna mtu hata mmoja aliyekulaumu. Ulikunywa maji umesimama uani, ukakitazama kile chumba, ukarudi stendi. Tangu siku ile unatutumia vitu.

Mama yako yuko hai leo. Njoo.

Sughra


Gujrat, 3 Agosti 1987

Apa yangu,

Nimerudi salama kutoka huko. Idi Kubwa ni keshokutwa na mbuzi tuliyemnunua anakula nguo za Kausar. Nakushukuru kwa mikate uliyonifungia, tuliila mimi na dereva.

Ulisimama nje ya mlango muda wote nilipokuwa ndani, na nilipotoka hukuniuliza, nami sikuweza kusema. Mbele yako nisingeweza hata leo. Kwa barua naweza.

Niliingia nimeinama kama mtu anayeingia kwenye tanuri la matofali. Nilikuwa na utepe wangu wa chuma mfukoni, nilioapa njia nzima kwamba nitawaonyesha nao kuwa nyote mmekosea. Sikuutoa. Ile kulabu, Apa, ilikuwa mbele ya paji la uso wangu. Nilifikiri niiguse nione kama ni kweli, nikainua mkono bila kuunyoosha, nikaweka kiganja chote kwenye boriti. Mbao ilikuwa ya baridi na ilikuwa na unyevu wa udongo.

Ammaji alikuwa amelala chali ananitazama. Aliniona nilivyoshika boriti, akatabasamu, akasema, "Umekua."

Nikapiga magoti. Nililia, sitakuficha na mimi. Akanishika sikio kama zamani, akasema, "Unalia nini? Umechelewa kidogo tu." Kisha akalitoa lile tete ubavuni mwake akanipa. Nilimwuliza kwa nini alilirudisha, kwani hajui? Akasema anajua sana. Akasema, "Sisi wote tulimwona. Wewe peke yako hukumwona. Nikasema huyu mtoto akija atataka kujua baba yake aliishia wapi, nitamwonyesha nini? Nilikuwekea."

Apa, lilikuwa langu. Miaka miwili alikuwa akinitunzia, analala nalo, na mimi natuma mabomba.

Nilijilaza sakafuni nikaliweka ubavuni mwangu, kisigino kwa kisigino. Mimi nimempita kwa inchi moja. Sikuwa najua. Siku zote nilidhani yeye ni mrefu.

Kisha niliinuka nikaenda nalo makaburini peke yangu, pale uliponiona ninavuka uani. Nililizika kando yake, nikasoma Fatiha, nikakaa mpaka basi lilipokaribia.

Najua ulitaka nilale. Idi inakuja na kiwanda hakikunipa siku zaidi. Lakini nimelifikiria sana lile la pangaboi, na sasa najua linalofaa: kuna aina mpya isiyo na bomba kabisa, inabandikwa juu moja kwa moja, mapanga mafupi. Nitaituma wiki ijayo. Chumba kikianza kurudi kidogo tu, litatosha. Nikipata nafasi nitakuja wakati wa baridi, kazi zikipungua.

Mdogo wako,
Inayat


Bhera, 25 Septemba 1987

Inayat mdogo wangu,

Natumaini Idi ilikuwa njema na mbuzi hakumaliza nguo. Munazza amerudi nyumbani na anaendelea na darasa la tano. Bibi Hajra ana mjukuu mwingine wa kuoza na ameshaanza kuosha zabibu.

Pangaboi lako lisilo na bomba nimelirudisha kwa dereva yuleyule. Utalikuta stendi.

Chumba kilianza kurudi siku uliyoondoka. Asubuhi yake Ammaji aliketi kitandani, na ushungi wake haukugusa kitu. Baada ya wiki niliweza kusimama wima. Shomoro walirudi. Nilimwita Fundi Rehmat, akaja kwa kusitasita, akaangalia, akacheka, akanywa chai mbili. Mwisho wa Agosti dari lilikuwa pale tulipolijua tangu utoto, na nilitoa sadaka ya wali kwa mtaa mzima nikiwaambia ni kwa afya ya mama yangu.

Halikusimama pale.

Nilidhani ni macho yangu. Pangaboi lako lilipofika nilimwita tena Rehmat. Ngazi ya Bibi Hajra haikufika, akaleta ya kwake, haikufika, akazifunga pamoja kwa kamba akapanda. Alishuka polepole, akakaa sakafuni, akaniambia kulabu aliiona lakini kila alipopanda kipago ilikuwa palepale. Nilimlipa kwa usumbufu, akakataa kuzipokea.

Hiyo ni wiki mbili zilizopita. Sasa kulabu haionekani. Mchana kweupe, dirisha likiwa wazi, mwanga unapanda ukutani, unapanda, halafu unaishia, na juu yake sioni boriti wala kitu. Shomoro waliruka kwenda juu na sijawaona wakishuka. Ammaji akikohoa, kikohozi kinakwenda juu na hakirudi.

Wala hana hofu. Amelala chali anatazama huko. Nilimwambia kwamba utatutafutia pangaboi lenye bomba refu kuliko yote Gujrat, akasema hana haja tena ya pangaboi, upepo upo, unashuka kutoka juu. Niliweka uso wangu karibu na wake nikausikia. Ni kweli, Inayat. Ni upepo wa baridi na una harufu ya mbao iliyotoka kurandwa, ile iliyokuwa kwenye nguo za Abbaji alipotoka karakanani.

Amekuwa mwepesi. Jana nilimgeuza ili nibadilishe shuka, nikakuta nimemwinua kwa mkono mmoja, na nilipomlaza alichelewa kukaa kwenye godoro. Sasa namfunga kiunoni kwa ushungi wake, nafunga ncha ya pili kwenye mguu wa kitanda. Ananicheka. Anakuulizia asubuhi na jioni, anasema alikupa la baba yako lakini neno lake mwenyewe hakukupa bado, linataka mdomo si barua.

Najua utakachoniandikia. Utaniuliza sasa ni futi ngapi. Utepe wako wa chuma uliusahau kwenye kizingiti, ninao hapa, na siugusi. Hakuna mtu atakayepima tena chumba hicho.

Usinijibu barua hii. Panda basi.

Sughra